Nyanya Huiva Mara Mbili

Shangazi yangu hununua nyanya kwa pua. Akifika Soko Kuu la Songea asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya Matogoro, haulizi bei kwanza. Anachukua nyanya moja, anaigeuza, anainusa pale kilipokuwa kikonyo. Isiponukia, anairudisha mezani polepole, anamshukuru muuzaji, anasogea. Siku moja kijana mmoja alimwambia, "Mama, hizi ni ngumu, utakaa nazo wiki nzima." Akamjibu, "Ndiyo maana nakuachia, mwanangu. Mimi natafuta zilizochoka kusubiri."

Mara nyingi nimembebea ndoo yake kutoka sokoni hadi nyumbani kwake Mshangano, nikaketi kwenye kigoda jikoni kumtazama akipika sosi ya nyanya ya Kiitaliano, ile ya kulia tambi. Aliijua akiwa msichana, jikoni kwa masista wa Kiitaliano mkoani Iringa, ambako wamisionari wa Consolata wamekuwapo tangu 1919. Aliporudi Songea hakurudi na kitabu wala karatasi. Alirudi na mkono uliokwisha kuzoea. Huu ni mwaka wa tano namtazama, na kila nikiondoka nina jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Kiswahili kina neno moja ambalo kwa kazi hii linatosha kuwa mwalimu. Nyanya iliyo shambani tunasema imeiva. Nyanya iliyo sufuriani nayo tunasema imeiva. Wapishi wengi tunaiharibu sosi kwa sababu tunadhani kuiva kwa kwanza ni kazi ya mkulima peke yake, hakutuhusu. Na kuiva kwa pili tunakuchanganya na kulainika. Nyanya hulainika kwa dakika kumi. Kuiva ni jambo jingine, na katika tofauti hiyo ndimo ulimo ufundi wote wa shangazi.

Kuiva kwa kwanza hutokea mabondeni. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukata Aprili au Mei. Nyanya za wakati wa mvua hupata tabu. Majani hayakauki, baka jani linaingia, matunda yanapasuka na kujaa maji. Mvua zikishakata, wakulima hushuka kwenye mabonde yenye unyevu na kumwagilia, na ifikapo Agosti na Septemba nyanya hujaa mjini mpaka bei inamwumiza aliyezilima. Mkulima huyo amepambana pia na kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake hutoboa jani na tunda. Shangazi anayajua haya, kwa hiyo hapatani bei kwa ukali. Anasema aliyeifikisha nyanya sokoni ikiwa nzima ameshampunguzia kazi.

Aina nazo anazitofautisha kwa jicho. Anapenda Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Anapenda Cal J na Roma pia. Zote zina nyama nene na vyumba vya mbegu vichache. Money Maker, ile ya mviringo, anaiacha kwa kachumbari: ina maji mengi, na sosi yake hukaa motoni muda mrefu kabla haijashikana. Mahuluti ya siku hizi yenye ganda gumu yalizalishwa ili yavumilie safari ya lori, nayo yana faida yake kwa mchuuzi. Akikosa anazozitaka, hununua masalo, zile nyanya zilizobonyea ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa mchana ukikaribia. Nyumbani hukata palipobonyea, na yenye ukungu huitupa nzima bila kujadiliana nayo.

Akifika Mshangano hapiki siku hiyo. Anazitandaza nyanya juu ya ungo, upande wa kikonyo ukiangalia chini, moja isiikalie nyingine, kivulini, siku mbili au tatu. Friji anayo, lakini nyanya haziingii humo. Baridi huzizuia kutengeneza harufu yake, na zikipoa sana harufu hiyo hairudi vizuri hata zikitolewa. Kila asubuhi anapita na kuzibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa. Siku chumba kizima kikinukia nyanya, ndiyo siku ya kuwasha mkaa.

Kazi huanza na maganda. Anachora msalaba mdogo kwa kisu kwenye kitako cha kila nyanya, anazitumbukiza chache chache katika maji yanayochemka, anahesabu kimoyomoyo mpaka nusu dakika au zaidi kidogo, anazihamishia kwenye maji baridi. Ganda linajikunja lenyewe pale palipochorwa, na linavuliwa kwa vidole viwili. Mtu anaweza kuuliza kwa nini asikate tu na kupika. Nilimwuliza. Aliniambia nipike hivyo nione. Nilipika, nikaona: ganda halilainiki sufuriani, hujiviringa likawa kama uzi wa karatasi, na kila tonge likakutana nalo.

Baada ya hapo anapasua kila nyanya kwa urefu na kukamulia mbegu kwenye chujio lililo juu ya bakuli. Wengi hutupa ute ule pamoja na mbegu. Yeye anausugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu, na ute wote uwe bakulini. Ana haki. Ute unaozunguka mbegu una glutameti nyingi kuliko nyama ya tunda, na hiyo ndiyo inayoleta ladha ile nzito tunayoijua kwenye mchuzi wa nyama au wa dagaa. Anayeutupa ute ametupa kiungo ambacho baadaye atakwenda kukinunua dukani kikiwa kwenye pakiti.

Sufuria ya kazi hii anayo moja tu, pana, ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria za aluminiamu zimejaa jikoni mwake, lakini nyanya ina asidi, na asidi huila aluminiamu ikaacha ladha ya bati. Kabla hajapata sufuria hiyo alitumia chungu cha udongo, na mpaka leo anasema chungu kilikuwa bora, ila hakivumilii kugongwagongwa. Upana nao una sababu. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kupika sosi ni kuyaaga maji hayo. Sufuria pana ina mlango mkubwa wa mvuke. Maji hutoka upesi, na nyanya hubaki na uchangamfu wake. Sufuria nyembamba yenye kina hulazimisha kupika muda mrefu, na ladha hugeuka kuwa nzito kama jamu.

Mafuta hutangulia. Waitaliano hutumia ya zeituni. Shangazi hutumia ya alizeti, na kama chupa ndogo ya zeituni imo kabatini, humwagia kijiko kimoja mwishoni, moto ukishazimwa. Punje nne za kitunguu saumu huzipondaponda kwa ubapa wa kisu na kuzitia kwenye mafuta yakiwa bado ya vuguvugu. Hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza. Sisi wengi tumezoea kusubiri mafuta yachemke hasa, kitunguu kikitiwa kilie. Yeye anataka kitunguu kinong'one. Anakiangalia kikigeuka kutoka weupe kwenda rangi ya majani makavu, na kabla hakijafika kahawia anamwaga nyanya zote na ute wake kwa mpigo mmoja. Kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu, na uchungu ule hauna dawa. Amewahi kumwaga mafuta na kuanza upya mbele yangu, bila kulalamika.

Kutoka hapo kazi ni kusikiliza. Dakika za kwanza sufuria hutoa sauti ya mvua juu ya bati: maji ni mengi, mapovu ni madogo, yana haraka. Anaponda nyanya kwa mwiko, si sana, zibaki na mabonge. Baada ya robo saa sauti inashuka, mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka moja moja na kurusha matone ukutani. Hapo anatoa makaa mawili jikoni kwa koleo na kuyaweka pembeni. Anakoroga mara chache, ila kila akikoroga mwiko unagusa chini kabisa na kuzunguka pembe zote, maana sosi inayoungua huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Nikitaka kusaidia huniambia, "Tulia, mwanangu. Haijakuita."

Namna anavyojua kwamba imeiva ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu hana saa ukutani wala hapimi. Ana alama tatu. Ya kwanza, anapitisha mwiko katikati ya sufuria, na njia inabaki wazi kwa pumzi moja kabla haijajifunga. Ya pili, anadondosha kidogo kwenye sahani na kuiinamisha. Kama maji yanatoka pembeni ya tone, bado. Ya tatu ni ile ambayo kila mama wa Kiswahili anaijua tangu alipofundishwa kuunga mchuzi: mafuta yanajitenga na kuonekana kingoni, yakiwa mekundu. Wekundu huo ni laikopini, rangi ya nyanya, ambayo huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Moto na mafuta huifungua, ndiyo maana mwili huipata kwa urahisi zaidi kwenye nyanya iliyopikwa kuliko kwenye mbichi. Masista wa Iringa hawakumfundisha alama hii ya tatu. Alikwenda nayo kutoka kwa mama yake, na alipoiona kwenye sufuria yao alijua yuko nyumbani.

Chumvi huja mwisho. Akiitia mwanzo, sosi ikipungua kwa nusu chumvi itakuwa imekolea maradufu. Kisha majani machache ya mrehani, yaliyochanwa kwa mkono, moto ukiwa umeshaondolewa. Mrehani wetu ndio huohuo wa Waitaliano kwa ukoo, nao aliupanda kwenye kopo mlangoni. Kivumbasi, ndugu yake anayeota pembeni mwa nyumba na kufukuza mbu, hakitii. Anasema harufu yake ni ya mgonjwa wa mafua.

Hayo ndiyo anayotia. Yale anayoyaacha yana somo lake. Hatii hoho, karoti wala kotimiri. Hatii bizari wala pilipili manga. Nyanya zikiwa na ukali, hatii sukari. Sukari haiondoi asidi, inaifunika tu. Magadi yangeiondoa kweli, lakini yangeondoka pia na uchangamfu wa nyanya, na sosi ingekaa mdomoni kama uji. Ukali anautibu kwa muda: dakika tano zaidi motoni, na kijiko cha siagi. Marcella Hazan, mwanamke wa Cesenatico aliyewafundisha Wamarekani upishi wa kwao Italia, alijulikana kwa sosi ya vitu vitatu tu na chumvi: nyanya, siagi, na kitunguu maji kimoja kilichopasuliwa katikati, motoni dakika 45. Hawakuwahi kuonana na shangazi, lakini wote wawili waliamini kwamba kila kiungo kinachoongezwa kinaziba mdomo wa nyanya kidogo.

Mtu asidhani ufundi huu ulizaliwa pamoja na Italia. Nyanya ni mgeni huko kama ilivyo mgeni kwetu. Ilitoka Amerika, ikafika Ulaya karne ya 16, na kwa muda mrefu watu waliitazama zaidi kuliko walivyoila. Antonio Latini, msimamizi wa karamu za wakubwa mjini Napoli, alichapisha mwaka 1692 maelezo ya sosi ya nyanya aliyoiita ya Kihispania. Nyanya zake zilichomwa kwanza juu ya makaa, zikavuliwa maganda, zikakatwakatwa, kama vile mama wa hapa anavyochoma nyanya za kupondea pilipili. Hakuiweka kwenye tambi. Tambi na nyanya tunazikuta pamoja wazi mwaka 1839, katika kitabu cha Ippolito Cavalcanti wa Napoli hiyohiyo. Kutoka hapo hata miaka 200 haijatimia. Sosi inayoitwa ya Kiitaliano ilitengenezwa na watu waliopokea tunda la wageni na kulivumilia mpaka likawa lao.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa kuvumilia. Barawa, mji wa pwani ya Somalia ambako watu husema Chimiini, ndugu wa Kiswahili, ulikuwa chini ya Waitaliano. Utawala ule uliondoka, tambi zikabaki. Wasomali wanaziita baasto, na sosi wanaiita suugo, kutoka neno la Kiitaliano sugo. Wao wameitia nyama, na viungo vya xawaash vyenye bizari nyembamba, giligilani na iliki. Ukila suugo kwa Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, unakula nyanya iliyosafiri mara tatu. Shangazi nilipomsimulia hakuipinga. Aliuliza swali moja tu: nyama wanaitia kabla au baada ya mafuta kujitenga?

Tambi zenyewe nazo hazipikwi kwa mazoea ya tambi za Ramadhani, zile zinazokaangwa na kupikwa kwa sukari na nazi. Maji yawe mengi, yawe na chumvi ya kusikika ulimini, na tambi zitolewe zikiwa bado na ukaidi kidogo katikati. Kabla ya kumwaga maji, anachota kikombe kimoja na kukiweka kando. Tambi zinaingia kwenye sosi, si sosi juu ya tambi. Anazigeuza motoni dakika moja au mbili akinyunyiza yale maji yenye wanga, mpaka mafuta na nyanya vishikane na kung'ang'ania kila uzi. Sahani ya shangazi haiachi dimbwi jekundu chini. Sosi yote imeliwa pamoja na tambi.

Agosti Waitaliano wa kusini hukusanyika, familia nzima, kusindika nyanya za mwaka mzima katika chupa. Agosti hiyohiyo ndiyo nyanya zinapofurika Songea, na shangazi amelishika jambo hilo kama sikukuu. Chupani hatii mafuta wala kitunguu saumu; anatia nyanya tupu zilizochemshwa na kupunguzwa, na katika kila chupa ya nusu lita kijiko kikubwa cha maji ya ndimu, kwa kuwa nyanya peke yake huenda isiwe na asidi ya kutosha kuzuia vijidudu vya sumu. Chupa zilizofungwa huzamishwa zote kwenye maji yanayochemka kwa dakika 45. Wa pwani wangetumia 35, lakini Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mlimani muda hufidia joto. Chupa ambayo mfuniko wake umevimba hamwonjeshi mtu, humwagwa.

Januari, mvua zikiwa zimefunga barabara za mashamba na nyanya sokoni zikiuzwa kwa kuhesabiwa, anafungua chupa moja, na jikoni pale Mshangano panarudi Agosti. Nimekaa kwenye kigoda kile nikanusa, nikawakumbuka wachuuzi waliokuwa wakiita watu waje wachukue masalo jioni ile bei ilipoanguka. Nyanya zilezile. Kilichoziokoa ni mtu mmoja aliyekubali kusimama mbele ya sufuria mpaka mwisho.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kiangazi kijacho usipite mbele ya meza ya nyanya ukidhani sosi nzuri iko ndani ya kopo la kutoka mbali. Nunua ndoo moja. Inuse kwanza, uipe siku mbili za kupumzika, uvue maganda, uuhifadhi ute, ukikanye kitunguu kisiungue, usubiri mafuta yajitenge. Mkulima wa bondeni ameshaivisha nyanya hiyo mara ya kwanza, kwa miezi isiyopungua mitatu tangu mbegu, akiwa na hofu ya ukungu na kantangaze. Kuiva kwa pili ni zamu yako, nako hakukuombi zaidi ya muda wa saa moja.